Unapofunga mzigo wa konje, fikiri usiku wa njiani

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama mnaosoma ukurasa huu huku bukari ikiiva,

Mwezi wa 7 umefika. Shule zimefungwa, karatasi za konje zinatiwa sahihi, na pale magari ya Kasenga na Kilwa yanapopakia, watu wamekaa juu ya mafurushi yao tangu alfajiri. Wengi wanapita kwanza kwenye dispanseri kuaga. Karibu kila mmoja ananiuliza neno moja: "Munganga, tunakwenda Luapula, tubebe dawa gani?" Nami ninamrudishia swali: "Mna mabulangeti mangapi, tena yamefungwa wapi?" Wanacheka. Bulangeti la kwenda Luapula! Kule ni joto, munganga, kule hata shati ni mzigo.

Ni kweli, kule ni joto. Lakini kabla ya kufika kule kuna njia, na katika njia ile kuna Kasomeno.

Kasomeno mnapajua, hata ninyi mliopita mkiwa mmelala. Ni pale barabara itokayo Lubumbashi inapogawanyika: mkono mmoja unakwenda Kasenga kwenye mto Luapula, mkono mwingine unakwenda kaskazini, Kilwa, Dikulushi, mpaka Pweto kwenye ziwa Mweru. Zamani, katika miaka ya 1930 hadi 1950, Wagiriki wa Kasenga walituma Lubumbashi magari yenye samaki waliolazwa katika barafu, na samaki wale walilisha kambi za migodi. Siku hizi ni sisi wenyewe tunaowafuata samaki kwao. Anayekwenda Kilwa na hakupata gari la moja kwa moja hushuka Kasomeno na kungoja lingine. Hungoja saa moja, pengine hungoja mpaka kesho.

Sasa tuangalie hali ya hewa, maana ndiyo inayotudanganya. Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Wakati wa kiangazi mbingu ni tupu, hakuna mawingu ya kuzuia joto la ardhi lisipotee usiku. Ndiyo maana katika mwezi wa 6 na wa 7 mchana tunafika nyuzi 25 na kupita, na kabla ya mapambazuko mara nyingi tuko chini ya nyuzi 10. Saa sita ya mchana unatoa jasho, saa kumi na moja ya alfajiri meno yanagongana. Ni siku ile ile moja. Ukiteremka mpaka ziwa Mweru, uko katika mita 900 na kitu, na usiku wa kule ni mpole. Ndipo mtu husema "Luapula ni joto" na kufunga mzigo wa Luapula. Amefunga mzigo wa mahali anapokwenda, amesahau mahali atakapolala njiani.

Mimi nilikuwa mtu huyo. Ninawaeleza bila kuficha, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuvaa blauzi nyeupe kwa miaka mingi.

Ilikuwa Julai 2019. Tulikuwa watu wanne: mimi, mke wangu, kijana wetu wa miaka 4 na binti wa miezi 7. Tulikuwa tunakwenda Kilwa kwa mjomba wangu. Tulipanda kamyo ya Kasenga baada ya saa sita ya mchana, jua kali, mimi na shati la mikono mifupi. Bulangeti tulikuwa nalo moja tu, nalo lilikuwa ndani ya furushi kubwa, na furushi lilikuwa chini ya magunia ya unga. Mipira ya gari ilipasuka mara mbili. Tulifika Kasomeno karibu saa tano ya usiku. Nilimwomba shofere afungue mzigo. Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa wa kichwa: gunia zaidi ya ishirini, usiku ule, kwa bulangeti moja? Alisema kesho asubuhi. Hakuwa na kosa.

Mama mmoja alitupatia chumba kidogo cha matofali, bati juu, dirisha moja lililozibwa kwa gunia. Alituonea huruma kwa ajili ya watoto, akatuletea mbabula yenye makala yaliyokwisha kuwaka. Akaiweka chini ya veranda na kusema: "Baba, hii ni ya kuotea hapa inje." Nikamjibu, ndiyo mama, aksanti mama. Alipokwenda kulala, nikaiingiza ndani. Nikafunga mlango, nikaweka kikwembe chini ya mlango ili upepo usipite. Nilijisifu moyoni kwa kikwembe kile.

Niliamshwa na kijana akitapika. Kichwa changu kilikuwa kama kinapigwa nyundo. Wazo la kwanza: ni samaki tuliyekula njiani. Wazo la pili: malaria. Nikamwita mke wangu, akajaribu kusimama, miguu yake ikakataa, akaanguka juu ya magoti. Hapo ndipo akili ilinirudia. Watu wote wa chumba kimoja, saa moja, kichwa na kutapika, na hakuna mwenye homa. Nilisukuma mlango nikawatoa wote inje. Binti hakulia. Nilimtikisa, nikamwita, hakulia, naye ni mtoto anayelia hata ukimtazama vibaya. Baada ya dakika nilizozihesabu kama mwaka, alikohoa, akalia. Tulikaa pale inje mpaka asubuhi, tumejifunika vikwembe vya mke wangu na gunia tupu la mama mwenye nyumba. Kulipokucha tuliwapeleka watoto kituo cha afya, wakachunguzwa. Walikuwa wazima.

Sikukosa dawa usiku ule. Dawa zilijaa mfuko. Nilichokosa ni mabulangeti matatu mahali ambapo mkono wangu unafika.

Ninyi mnaofanya kazi chini ya ardhi mnaijua gesi ile kuliko mimi. Ndiyo sababu baada ya kupasua mwamba kwa baruti hamrudi mpaka hewa imesafishwa na kupimwa. Huko Uingereza wachimbaji wa makaa ya mawe walishuka na ndege wadogo wa manjano katika vizimba mpaka miaka ya 1980. Ndege akianguka, watu wanatoka. Gesi ya mbabula ni hiyo hiyo, monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haichomi macho. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, na damu iliyoshikwa nayo haibebi tena hewa ya kuishi. Kosa ninalolisikia kila mwaka ni hili: "Munganga, tulingoja moshi uishe ndipo tukaiingiza." Moshi si alama. Makala mekundu, mazuri, yasiyo na moshi hata kidogo, ndiyo yanayotoa gesi hiyo usiku kucha. Na mtu aliyelala haamki kwa harufu ambayo haipo. Wengi hawaamki.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango kwanza, mtoe inje, ndipo uulize maswali. Asiye na fahamu mlaze kwa ubavu, apelekwe mahali penye oksijeni. Usimpe maziwa, usimpe mafuta. Mimi nimeona yote mawili.

Basi tufunge mzigo.

Mzigo wa safari hii ni wa sehemu mbili, na sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika. Furushi kubwa liende chini ya magunia pamoja na zawadi, sufuria na nguo za sherehe. Mfuko wa mkononi usitoke kwenu hata mkifika saa ngapi. Ndani ya mfuko huo tia bulangeti moja kwa kila watu wawili, na la mtoto mdogo liwe lake. Ukiniambia mfuko utakuwa mkubwa, nitakuambia toa viatu vya sherehe.

Nguo za kuvaa ziwe nyingi na nyepesi kuliko moja nzito. Fulana, juu yake shati, juu yake triko, na juu ya vyote kitu cha kuzuia upepo. Hewa inayokaa katikati ya nguo hizo ndiyo inayotunza joto, na jua likipanda unavua moja moja. Koti kubwa peke yake ni mateso: saa nne ya asubuhi umelowa jasho, na jasho lile ndilo litakalokupiga baridi jioni. Kwa hiyo tia pia fulana kavu ya kubadili kabla ya usiku. Mtoto mchanga avae kofia na soksi hata kama bibi yake anasema mtoto wa mwanaume hazoezwi hivyo. Kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa mwili wake, na joto lake linatoka upesi.

Tena fikirini upepo wa gari. Hewa ikiwa nyuzi 10 na kamyo ikienda kilomita 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi inasikia kama nyuzi 5 au 6. Kazi ya ukurasa huu ni usalama, kwa hiyo ninasema wazi kwamba juu ya mzigo si mahali pa mtu. Ninajua vilevile kwamba kesho mtapanda. Basi, ikiwa hakuna gari lingine, watoto wakae katikati ya wakubwa, mgongo kwa upepo, asilale mtu pembeni, na turubai au karatasi ya plastiki iwe karibu. Plastiki hiyo hiyo itakuwa ya kutandika chini ya bulangeti mkilala juu ya sementi, maana baridi ya chini hula mtu kuliko ya juu.

Vumbi la njia ile katika mwezi wa 8 mnalijua: mtu anashuka na nyusi nyekundu kama amepakwa ngulu. Beba kitambaa cha pamba kwa kila mtu, kiloweshwe kidogo, kifungwe puani na mdomoni. Ninyi ambao mapafu yenu yamekula vumbi la kazi kwa miaka ishirini, msione aibu kufunga kitambaa mbele ya shemeji. Neno dogo hapa: kombinezo ya kazini si nguo ya safari, wala si zawadi ya mjomba. Imebeba vumbi la mgodi, na mtoto atalalia kifuani pako.

Maji. Kila mtu na bidoni yake ya litre moja na nusu, na familia bidoni ya litre tano. Ng'ambo ile ya Kasenga, Kilwa na Pweto kipindupindu ni mwenyeji, kinarudi mara kwa mara, kwa hiyo maji ya ziwa yasinywewe vile yalivyo hata kama ni meupe. Yachemshe mpaka yafurukute, au tia dawa ya klori kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti. Tia mfukoni pakiti nne za chumvi ya kuzuia kukauka mwilini. Pakiti moja ya kawaida kwa litre moja ya maji safi. Zikiisha, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi katika litre moja vinatosha kumfikisha mgonjwa kwa munganga. Mtu anayeharisha maji kama ya mchele hangoji kesho.

Chandarua, ile mustikere, nayo ni ya mfuko wa mkononi. Mbu wa kando ya mto na ziwa hawaendi konje wakati wa kiangazi kama wale wa mjini wanavyopungua. Ninajua mjomba anayo moja, lakini mjomba ana watoto saba.

Sasa dawa, kwa kuwa mliuliza. Anayekunywa dawa za presha, za sukari au za kifua kikuu apite kwetu wiki moja kabla, achukue za siku zote za konje na za siku saba zaidi, kwa sababu gari la kurudi halina saa. Zikae mkononi, si katika furushi. Kifua kikuu kinataka miezi 6 bila kuruka; ukiacha kwa wiki tatu kwa sababu valizi ilibaki Kasomeno, tunaanza shida mpya. Paracetamol, sabuni, kitambaa safi cha kufunga kidonda, tochi. Basi. Antibiotiki za rangi mbili zinazouzwa mojamoja sokoni muache pale pale sokoni.

Mama, jifunze jambo moja kabla ya kuondoka, ni bora kuliko vidonge. Mtoto akikohoa baada ya usiku wa baridi, mngoje atulie, funua kifua chake, uhesabu anavyopumua kwa dakika moja nzima ya saa. Mtoto aliye chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi, wa miezi 2 mpaka mwaka mmoja mara 50 au zaidi, wa mwaka 1 mpaka 5 mara 40 au zaidi, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiona nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta pumzi, au amekataa ziwa, usihesabu tena. Nenda.

Kwa wale ambao konje yao ni ya mwezi wa 9 na wa 10, mambo yanageuka. Bulangeti halitawasumbua sana, jua ndilo litawasumbua; nyuzi 32 na kupita, na hakuna kivuli juu ya kamyo. Kofia pana, maji zaidi, na mzee asikae mbele ya injini. Halafu siku moja, mara nyingi mwisho wa mwezi wa 10 au mwanzo wa wa 11, mawingu meusi yanasimama na mvua ya kwanza inashuka na radi. Msikimbilie chini ya mti. Kaeni ndani ya gari lenye bati, au ndani ya nyumba. Njia iliyokuwa vumbi asubuhi ni matope jioni, na safari ya siku moja inakuwa ya siku tatu. Yaani usiku wa njiani tena, safari hii ukiwa umelowa. Triko na plastiki zisitolewe mfukoni kwa sababu eti baridi imekwisha.

Watoto wataoga ziwani, siwezi kuwazuia kutoka hapa. Lakini wasioge penye majani na maji yaliyotulia na konokono, ndipo bilharzia inapoingia kwa ngozi. Kijana akirudi anakojoa damu, au ana damu katika choo, aje; dawa ipo.

Mkirudi, kuna jambo linalonipa kazi kila Septemba. Malaria iliyoingia Kilwa haianzi Kilwa. Kwa kawaida inangoja siku saba na zaidi, pengine wiki kadhaa, ndipo inaamka, wewe umekwisha kurudi kazini, umevaa kofia ya chuma, unasema ni uchovu wa safari tu. Unapanda mashine kubwa ukiwa na homa. Usifanye hivyo. Homa yoyote katika wiki zinazofuata safari, njoo siku ile ile tukutoe tone la damu, jibu linapatikana kwa muda wa robo saa hivi. Na kabla hujaniambia unaumwa wapi, neno lako la kwanza liwe hili: "Munganga, nilikuwa Luapula."

Binti wetu anasoma sasa. Mwaka huu tunakwenda tena Kilwa, mwezi wa 8, na tumetia mabulangeti manne katika mfuko wa mkononi. Mke wangu ndiye aliyeyahesabu, mara mbili, wala hakuniuliza mimi.